Tulivyomwamulia Bien Reçu

Pale barabara ya stesheni inapokutana na ile inayoshuka sokoni, hapa Kamina, kuna benchi letu: gogo la zamani la reli lililolazwa juu ya matofali, jeusi kwa mafuta, linang'aa kwa suruali zetu. Saa kumi na mbili asubuhi Mama Ndaya anatua birika la kahawa na beseni la mikate ya kukaanga. Mimi nakaa kushoto, karibu na vyombo vyangu, maana natengeneza baisikeli. Jina langu ni Albert lakini hata mke wangu ananiita Pompe, yaani pampu. Kulia anakaa Abner, aliyefundisha shule ya Wametodisti miaka thelathini na moja. Tunamwita Directeur, ingawa hajawahi kuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Katikati ni Ariel, dereva wa teksi ya moto, yaani pikipiki, jina la kijiweni Sans Frein, Bila Breki. Akipata mteja anaondoka katikati ya neno, akirudi analimalizia. Wa nne ni Zacharie, na mambo haya ni yake.

Zacharie tunamwita Bien Reçu. Miaka ishirini na moja alisema kwenye phonie, ile redio iliyotuunganisha na vijiji kabla ya simu. Mwenye mtoto Kabongo, mwenye kilio Bukama, mwenye gunia la samaki linalokuja kutoka ziwani, wote walipanga mstari mbele ya kibanda chake, na yeye alipeleka maneno yao na kuleta majibu. Kila ujumbe aliumaliza kwa kusema, "Bien reçu," umefika vizuri. Kisha minara ya simu ikasimama hata vijijini, mistari ikafupika, na mwenye kibanda akafunga. Miezi minne ilikuwa imepita. Zacharie alikuwa anakuja benchini saa ileile aliyokuwa akienda kazini, shati limepigwa pasi, na mfukoni hakuwa na simu. Alikataa kuishika.

Alhamisi ile alikuja bila kusalimia vizuri. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa.

— Pompe, soma. Soma na sauti.

Nikasoma. Ilikuwa tangazo la Madame Cathy, fundi wa simu nyuma ya soko: anapokea watu wa kufundishwa kutengeneza simu, mwanamume na mwanamke, kujiandikisha mwisho Ijumaa.

— Ijumaa ni kesho, Mama Ndaya akasema.

— Nayua, Mama.

— Na Yaya Kalenga anakuya na kamyo siku gani?

— Posho.

Yaya Kalenga ni kaka yake mkubwa. Alikuwa amempa shamba kijijini, amekwisha kulilima nusu, na Jumamosi, yaani hiyo posho, alikuwa anakuja kuwapakia Zacharie, mkewe Mujinga, watoto watatu na vitanda.

— Mujinga anasema nini? nikauliza.

— Anasema: "Ukienda, minyi nitaenda. Lakini usiende juu ya kuona haya." Ni ile tu. Akaendelea kukunja nguo.

Directeur akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue somo linaanza.

— Zacharie, uko na miaka ngapi?

— Makumi ine na saba.

— Basi kwisha. Kichwa ya muntu inafungaka mu makumi tatu na tano. Minyi nilifundishaka, nayua. Kisha pale, kila kintu mupya unaingiza, ya zamani inatoka. Utafunda telefone, utasahabu majina ya batoto yako.

— Majina iko tatu tu, Directeur.

— Ata tatu!

— Haiko kichwa, Sans Frein akasema. Shida ni telefone yenyewe. Iyi bintu itaisha. Nilibebaka muntu ya Lubumbashi hapa nyuma ya moto, aliniambia: mwaka kesho bataanza kukutia telefone mu sikio na shindano, kama chanjo ya batoto. Inakala mule mule. Sasa nani atakuletea sikio juu utengeneze?

— Atapeleka kwa docteur, Mama Ndaya akajibu.

— Njo vile! Basi Vieux Zacharie afunde udocteur, asipoteze wakati na Cathy!

— Udocteur ni miaka saba, Directeur akasema.

— Si atamaliza?

— Atamaliza na kichwa yenye ilifungaka?

— Na miaka saba batoto batakula nini? Mama Ndaya akauliza. Termometre?

Tukacheka. Zacharie hakucheka. Alikuwa anaikunja ile karatasi na kuikunjua. Mimi nikaona niseme la maana, kama rafiki.

— Acha bile bintu ya vyuma vidogo vidogo, nikamwambia. Kuya kwa minyi. Nitakufundisha kinga, iyi baisikeli. Kinga haina siri: mupira, mnyororo, breki. Baluba bote beko na kinga.

— Pompe, tangu asubui ulitengeneza kinga ngapi?

Nikaangalia pampu yangu.

— Bado.

— Basi tutakuwa babili benye kungoja.

Sans Frein akaitwa na mama mmoja mwenye ndoo, akaondoka. Directeur akamsogelea Zacharie, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali.

— Sikia. Kuko kintu ingine, mbaya kupita. Muntu mwenye kutengeneza telefone anaonaka yote. Mesaje ya bapasta. Picha ya bakubwa. Nani anapenda muke ya nani. Utayua siri ya mji muzima. Na muntu mwenye kuyua siri ya mji muzima, banamufungaka. Utasikia tu usiku: ko-ko-ko, fungula.

— Miaka makumi mbili na moja niliyua siri ya mji muzima, Zacharie akasema.

Alisema bila ukali.

— Niliyuaka nani alikimbia deni, nani alizaa inje, nani analomba muke ya pili na wa kwanza hayui. Bote walisema mbele yangu juu minyi njo nilikuwa kinywa yabo. Ulisikiaka ata siku moja kintu kimoja kutoka kwangu?

— Hapana.

— Abner, habari ya kufa ya mama yako, nani alikuletea?

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nilisikia mtu akimwita Directeur kwa jina lake pale benchini.

— Ni weye.

— Habari ilifika saa moja. Nikafunga kibanda, nikaenda na miguu mpaka ku masomo. Ulikuwa mbele ya batoto, unafundisha hesabu. Nikasimama inje mpaka kengele ikalia. Sikutaka ulie mbele yabo.

— Nilikuona ku dirisha, Directeur akasema polepole. Niliizania unangoja mutoto yako.

Akachukua kikombe, akakikuta kitupu, akakirudisha chini. Sans Frein akarudi, akazima moto, akataka kumalizia habari ya sindano ya sikio, akaona nyuso zetu, akakaa.

— Donc shida haiko siri, nikasema. Shida ni nini, Zacharie?

Akaangalia barabara. Pikipiki zilipita, kisha wauza chikwangue, mikate ya mihogo, wakielekea stesheni.

— Nilipita kwa Cathy mara tatu, akasema. Juzi, jana, na leo asubui. Nasimama ku ngambo ya barabara. Naona bale banakuya kuandika jina, bamoja beko sawa na mutoto yangu Noémie. Cathy mwenyewe iko na miaka makumi mbili na tano, hata sita. Naogopa, Pompe. Siogopi kazi. Naogopa kukala mbele ya mutoto mwanamuke na kumuambia: siyui. Miaka yote, bantu walikuya kwangu juu minyi njo niliyua. Siku banashusha antene, minyi mwenyewe nilikamata kamba, juu isiangukie nyumba ya jirani. Nikasema moyoni: leo nimekuwa muntu mwenye hayui kintu.

Hakuna aliyemtania. Mama Ndaya akammiminia kahawa bila kuombwa.

— Shamba nayo haiko mbaya, Sans Frein akajaribu.

— Haiko mbaya. Lakini minyi sikulimaka. Nitakuwa tu ndugu ya Kalenga mwenye kuharibu mihindi.

— Mu shamba angalau hakuna muntu atakuchekelea, Directeur akasema, ila sasa hakuwa na uhakika. Wanafunzi banachekaka. Kisha ule moto ya umeme inaingiaka mu mifupa ya vidole. Nilisoma fasi fulani. Kisha miaka miwili hauwezi kushika ata kijiko.

— Sasa Cathy anakulaka na nini? Sans Frein akauliza.

— Yeye bado mutoto. Mifupa ya mutoto inarudishaka umeme.

— Directeur!

— Uliza banasayansi!

Tulikuwa hivyo, Directeur anatetea mifupa na Sans Frein anaapa kwa jina la mama yake, wakati mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa juu ya sanduku lake karibu na beseni la mikate alipomaliza kutafuna. Alikuwa ameshuka asubuhi kutoka Luena, anangoja ndugu yake aje kumchukua. Baadaye tulijua anaitwa Mwila. Alikuwa ametusikiliza tangu mwanzo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kuelewa.

— Batata, samahani. Ile masomo, inaanzaka saa ngapi?

Tukamwangalia.

— Nauliza tu, akasema. Kama ni asubui, Tata huyu hawezi kutafuta kazi ingine ya kula. Kama ni mangaribi, anaweza. Inaanzaka saa ngapi?

Directeur akamwangalia Sans Frein. Sans Frein akaniangalia mimi. Mimi nikachukua karatasi, nikaigeuza nyuma. Nyuma palikuwa peupe. Asubuhi nzima tulikuwa tumejadili kichwa cha Zacharie, mifupa yake, polisi na madaktari, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekwenda nyuma ya soko, dakika kumi kwa miguu, kuuliza.

— Siyui, Zacharie akasema.

Akalisema tena, kama anaonja:

— Siyui, Mama.

— Basi uende uulize, Mwila akasema. Kwani leo anafunga mulango?

Zacharie akasimama. Akaingiza shati vizuri ndani ya suruali.

— Nikupeleke? Sans Frein akauliza, tayari ameshika funguo. Bule.

— Hapana. Na miguu.

Akaenda. Kahawa yake ilibaki inatoa moshi, na hakuna aliyethubutu kuinywa.

Tulingoja. Ndugu wa Mwila akaja na toroli, akapakia sanduku, wakaenda. Birika la Mama Ndaya likaisha, na bado hakuondoka. Alikaa anasugua vikombe vilivyokuwa safi. Mteja mmoja akanitaka nimzibie mpira, nikamzibia huku macho yakiwa barabarani. Karibu na saa tano Zacharie akatokea, anatembea upesi. Kidole chake cha gumba kilikuwa kimeungua.

— Saa nane ya muchana mpaka saa kumi na moja! akasema kabla ya kukaa. Miezi sita. Asubui muntu iko huru.

— Alikucheka? Directeur akauliza.

— Aliniuliza: "Papa, ulifanyaka kazi gani?" Nikasema phonie. Akaniuliza: "Redio ikikufa, nani alikuwa anatengeneza?" Nikasema minyi. Hakukuwa fundi ingine. Akanipa telefone ya kufunguliwa, waya moja inakatika, na chuma ya moto ya kuunganisha. Akasema, unganisha. Nikajiunguza kidole, muone. Cathy akakamata telefone, akaipeleka karibu ya dirisha, akaangalia, akaangalia. Akasema: "Iko muchafu, lakini inashika."

— Iko muchafu, lakini inashika, Mama Ndaya akarudia.

— Kisha?

— Kisha nikaandika jina.

Sans Frein akapiga honi ya moto yake iliyosimama, akashangilia peke yake mpaka wapita njia wakageuka.

Jumamosi Yaya Kalenga alifika na kamyo kama alivyosema. Alisimamisha gari hapa hapa pembeni, akamsikiliza mdogo wake, na uso ukambadilika.

— Minyi nililima! akasema. Mugongo yangu iyi, nililima juu yako!

— Yaya, nayua. Wafwako, aksanti. Lakini unipe musimu moja.

— Na kama telefone inakushinda?

— Nitapanda kamyo minyi mwenyewe, sitangoja uniite.

Kalenga akakaa benchini, mahali pa Sans Frein, akala mikate mitano. Kisha akasimama, akashusha gunia la unga wa mihogo aliloleta kwa ajili ya safari yao, akaliegemeza kwenye ukuta.

— Musimu moja, akasema. Nitapanda mihogo mu ile shamba. Mihogo inayuaka kungoja.

Kamyo likaenda bila vitanda.

Haikuwa rahisi. Mwezi wa kwanza kila saa saba na nusu Zacharie alipita hapa akiwa na daftari la shule kwapani, na watoto wa sokoni wakamwita "mwanafunzi". Kwenye jaribio la kwanza akawa wa mwisho isipokuwa mmoja. Alituletea karatasi yenyewe, akaiweka juu ya goti la Directeur.

— Huyu mwenye iko nyuma yangu, akasema, alikuwa mugonjwa ile siku. Hakufika.

Directeur akaisoma yote, akatoa kalamu kwa mazoea, akairudisha mfukoni.

— Ulikosa juu hauoni, akasema. Hii alama ulisoma nane, ni tatu. Kamata.

Akavua miwani yake, akampa. Tangu siku ile Directeur anasoma gazeti kwa kulishika mbali, na anasema ni bora kwa shingo.

Mwezi wa tatu Sans Frein akampa simu yake kwa imani, kioo kimepasuka kidogo. Ikarudi giza kabisa. Wiki nzima Sans Frein alipita bila kusimama, anaongeza mafuta akifika mbele yetu. Zacharie akakaa na ile simu siku nane, asubuhi nyumbani na mchana kwa Cathy, mpaka ikawaka. Sans Frein akaipokea, akaigeuza huku na huku.

— Zamani haikukuwa na nguvu hivi, akasema.

Huo ndio ulikuwa msamaha wake.

Sasa ni mwezi wa tisa tangu ile Alhamisi. Zacharie ana meza yake, hatua ishirini kutoka benchi, na mwavuli ambao Mujinga aliushona upya pale ulipochanika. Siku nyingine hakuna mteja hata mmoja, siku nyingine wanapanga mstari. Binti yake Noémie anamsaidia kuandika lebo Jumapili jioni. Kalenga anakuja kila mwezi na majani ya mihogo ya lile shamba, na kila mara analeta simu mbili tatu mbovu za kijijini, anaziweka mezani.

Juzi, saa nne hivi, mwanamume mmoja mfupi alikuja kwenye ile meza, kofia mkononi. Mimi nilikuwa pale, nimekwenda kuazima bisibisi.

— Mukubwa, akasema, naomba unisaidie. Nilikuwa navuta wavu mu ziwa, telefone ikaanguka mu mayi. Inaweza kupona?

Zacharie alikuwa ameinama juu ya kazi nyingine. Mkono wake ukasimama hewani. Hakuinua kichwa.

— Sema tena.

— Nasema, ilianguka mu mayi...

— Endelea kusema. Sema kintu chochote.

Yule mtu akaniangalia kwa wasiwasi. Akakohoa kidogo, mara mbili, kama mtu anayejiandaa kusoma orodha. Zacharie akavua miwani.

— Kikondja, akasema.

— Ndiyo, natoka Kikondja, lakini...

— Kikondja ya saa moja asubui. Kikondja yenye kukoholaka mara mbili mbele ya kusoma majina ya bantu. Weye njo Monga.

Yule mtu akarudi hatua moja nyuma. Kofia ikamdondoka.

— Kamina? akauliza kwa sauti ndogo. Weye njo Kamina?

Miaka kumi na minne walikuwa wameongea kila siku ya Mungu, yeye akiwa ziwani, Zacharie akiwa hapa, wakipokezana vilio na harusi za watu, na hawakuwahi kuonana uso. Zacharie akazunguka meza. Wakashikana mabega, wakaangaliana kama watu wanaosoma barua.

— Minyi niliizania uko murefu, Zacharie akasema.

— Na minyi niliizania uko na ndevu.

— Ndevu?

— Sauti yako ilikuwa na ndevu!

Wakaanza kucheka, wakashindwa kuacha, na Mama Ndaya akaacha birika lake akaja mbio kuuliza nani amekufa.

— Hakuna, nikamwambia. Leta kahawa mbili.

— Sasa unafanyaka nini, Monga? Zacharie akauliza akifuta macho.

— Wavu tu. Bakati banafunga phonie, sikuyua kintu ingine.

Zacharie akavuta stuli ya pili kutoka chini ya meza, akaipangusa kwa kiganja. Akaweka ile simu iliyolowa katikati yao, akafungua skrubu ya kwanza, kisha akamtilia Monga bisibisi mkononi.

— Shika hivi, akasema. Polepole. Hapana, polepole zaidi.